Ukiombwa kwa "could", ruhusu kwa "can"

Mwaka wangu wa kwanza mapokezi, kwenye hoteli moja ya Mji Mkongwe, Zanzibar, mama mmoja alishuka ngazi na mabegi mawili. Alishalipa, na boti yake ilikuwa ya jioni. Akaniuliza, "Could I leave my bags here until three?" Nikamjibu kwa heshima zote, "Yes, you could."

Hakuyaacha. Alibaki ameshika mkono wa begi, ananitazama, anangoja nimalizie. Dada niliyekuwa naye zamu akadakia, "Of course you can." Hapo hapo mama akashusha pumzi, akaacha mizigo na kwenda zake Forodhani.

Mimi nilidhani namrudishia neno lake, kama tunavyoitikiana salamu. Kumbe masikioni mwake nilikuwa nimesema "ungeweza", na alikuwa akiingoja "lakini" yake.

Shuleni tulikariri kwamba "could" ni wakati uliopita wa "can", tukaishia hapo. Kwenye kuomba ruhusa haina habari na jana. Inalainisha ombi tu, na anayejishusha ni yule anayeomba. Anayeruhusu akilegeza neno, ruhusa nayo inalegea. Kwa hiyo ukiulizwa "Could I charge my phone here?", jibu "Yes, you can", au "Sure, go ahead".

Na "may"? Wengi tuliizoea darasani, "May I go out?", na wapo walimu waliokataa kabisa "Can I", wakisema "can" ni ya uwezo peke yake. Nisingemsumbua mwanafunzi kwa hilo. Wenye lugha yao huombana ruhusa kwa "can" kutwa nzima. Mimi hutumia "can" kwa mtu niliyemzoea, "could" kwa mgeni au mkubwa wangu, na "may" mahali penye urasmi, mfano kwenye simu ya ofisi: "May I ask who's calling?" Ila kumjibu mtu "You may" kunaweza kusikika kana kwamba unamruhusu ukiwa umekaa juu yake. Baada ya maneno yote haya usiweke "to". "Can I to go" si sahihi.

Shida kubwa zaidi naiona kwenye adabu yetu wenyewe. Kiswahili kinaiweka kwenye "naomba" na kwenye ile "e" ya mwisho: naomba nipite, niingie, nikuulize kidogo. Tukiingia kwenye Kiingereza hatuoni pa kuiweka, basi tunasema "Give me your passport", na tukijitahidi sana tunaongeza "please". Bado ni amri. Ukisema "Could I see your passport, please?", heshima ya "naomba" imefika. Hili nililirudia kwa sauti nikiwa peke yangu kaunta, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka ulimi ukazoea.

Kukataa nako kuna namna yake. "You can't smoke here" ni kweli tupu, lakini inamchoma mtu aliyelipia chumba. Anza na "I'm afraid", kisha mwonyeshe palipo na ruhusa: "I'm afraid you can't smoke here, but you can on the rooftop."

Ukisimulia ruhusa uliyopewa siku moja mahususi, usiseme "Yesterday I could leave early". Sema "I was allowed to leave early".

Halafu kuna "Would you mind if I opened the window?" Hapa kuwa macho, maana swali linauliza kama utakereka. Ukiitikia "Yes" kwa ukarimu wetu wa Pwani, umemnyima. Mruhusu kwa "No, not at all", na dirisha litafunguliwa.