Himaya, koloni na ukoloni: tuandikeje kuhusu mwaka 1895?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Masomo ya Jamii katika shule moja mtaani Buruburu, Nairobi. Mwanafunzi ameandika kwamba Kenya ilikuwa koloni la Uingereza tangu mwaka 1895, na mwalimu mwenzangu akalikata neno "koloni", akaandika "himaya". Je, amesahihisha ipasavyo? Na himaya si ndilo neno tunalolitumia kwa dola kubwa kama ile ya Warumi?

Jibu: Amesahihisha ipasavyo. Kisheria, himaya ni nchi iliyowekwa chini ya ulinzi na utawala wa dola nyingine bila kutwaliwa rasmi, ilhali koloni ni nchi iliyotwaliwa rasmi. Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ililitangaza kuwa Himaya ya Afrika Mashariki eneo ambalo hadi wakati huo lilikuwa mikononi mwa kampuni ya biashara iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. (Kisumu haikuwamo, ilihesabiwa kuwa ya Uganda hadi mwaka 1902.) Jina la Koloni la Kenya lilikuja mwaka 1920. Hata hivyo, lau mwanafunzi angeandika kwamba ukoloni ulianza mwaka 1895, nisingemwondolea hata alama moja. Koloni ni eneo lenye hadhi fulani kisheria, ilhali ukoloni, kwa kile kiambishi u- cha nomino za dhahania, ni mfumo wa watu kutawaliwa na wageni kwa manufaa ya wageni hao, na mfumo huo haukungoja hadhi ya nchi ibadilike.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu himaya ni neno la upole. Asili yake ni Kiarabu na maana yake ya msingi ni ulinzi au hifadhi, hivyo mtoto akilisoma peke yake anaweza kudhani kwamba mababu zake walilindwa tu. Ukweli ni kwamba sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwafungulia walowezi njia ya kupata mashamba wakati nchi ingali himaya, na ile ya mwaka 1915 ikaihesabu hata ardhi waliyoikalia Waafrika kuwa mali ya Mfalme. Nchi ilipotwaliwa rasmi mwaka 1920, kilichobaki kilikuwa kuyakaza yaliyokwisha kufanywa: mwaka 1921 mahakama iliamua kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu wa Mfalme, ambao wangeweza kuondolewa wakati wowote. Kwa hiyo, penye neno himaya katika maelezo ya darasani, neno ukoloni lisikose kuwa karibu.

Wala himaya haikufutika mwaka 1920. Ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, ambao Uingereza iliukodi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, ulibaki himaya hadi mwaka 1963, ndiyo maana jina kamili la nchi lilikuwa Koloni na Himaya ya Kenya. Anayeandika kwamba Mombasa ilikuwa koloni amekosea kisheria, ingawa waliotawala ni wale wale.

Kuhusu Warumi, matumizi hayo yameenea na siwezi kuyaita kosa. Lakini katika somo la historia, ambamo himaya tayari ina kazi yake mahususi, ni bora kuandika "Dola ya Kirumi" na "Milki ya Uingereza". Upatanisho wa kisarufi nao utofautishwe: tunasema koloni la Kenya, makoloni ya Uingereza, lakini himaya ya Uganda na himaya za Uingereza.