Kabla hujaomba likizo bila malipo

Mama alipoanguka na kuvunjika nyonga kule Lushoto, katika siku zangu 28 za likizo ya mwaka nilikuwa nimebakiza 3 tu. Nikakimbilia zile siku 4 za dharura, nikidhani zinanihusu. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ya Tanzania Bara, inakupa siku hizo mtoto wako akiugua au akifariki, au ukifiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada yako. Mzazi anayeugua hayumo. "Kwa hiyo nisubiri afe?" nilimuuliza dada wa utumishi. Akainamia karatasi zake.

Ikabaki likizo bila malipo. Hiyo si haki ya kudai, ni makubaliano, na mwajiri anaweza kukukatalia. Wangu alikubali, lakini kwa mdomo: "Nenda kamuuguze mama, tutaongea." Nikaondoka wiki 6 bila karatasi yoyote. Nikiwa huko, bosi akahamishwa. Aliyempokea alikuta faili langu halina kitu, na kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa ni kosa linaloweza kukufukuzisha. Kilichoniokoa ni ujumbe wa WhatsApp ambao, kwa uvivu tu, sikuwa nimeufuta.

Halafu makato. Mshahara ukisimama, mkopo hausimami. Rejesho la SACCOS, chama chetu cha akiba na mikopo, lilipokosekana, aliyepigiwa simu kwanza ni mdhamini wangu, jamaa wa stoo, akiwa kwenye foleni ya daladala. NSSF, mfuko wa pensheni, huchangiwa kutokana na mshahara, asilimia 20 kati yako na mwajiri. Pasipo mshahara hapana mchango, na taarifa yangu ina pengo mpaka leo. Kilichoniuma zaidi ni bima: mwanangu ana homa, mke wangu yuko dirisha la mapokezi, kadi inakataa.

Kwa hiyo barua iandikwe na isainiwe kabla hujapanda basi. Itaje siku ya kuondoka na ya kurudi, kwamba nafasi yako inakungoja, nani atalipia bima, na itakuwaje ukitaka kurudi mapema. SACCOS na benki nenda mwenyewe, usiwaachie ofisi.

Waajiri nao wasikilize: likizo hii haipangiwi mtu asiyeikubali. Mwaka 2020 utalii ulipolala kwa sababu ya korona, wafanyakazi wengi wa Arusha walirudishwa nyumbani bila malipo. Pale walipokaa mezani wakasaini, sawa. Ila kama kazi imekwisha kabisa, semeni imekwisha, mfuate utaratibu wa kupunguza watu, pamoja na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kikomo miaka 10. Kumweka mtu nyumbani miezi na miezi ili achoke aache mwenyewe ni ujanja mchafu.

Mama sasa anatembea kwa mkongojo. Na yule jamaa wa stoo tumeshapatana, ila hajanidhamini tena.