Momela na watoto, nusu siku kutoka Moshi

Dada, umeuliza kama Moshi hadi maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, inafaa kwa nusu siku na watoto. Inafaa, mradi mtoke alfajiri. Barabara ya Arusha, mkikaribia Usa River mnakata kulia hadi geti la Ngurdoto. Beba kitambulisho cha taifa, kiingilio cha raia ni nafuu sana kuliko cha wageni. Getini hawapokei taslimu.

Flamingo hawana ahadi. Maji ya Momela yana magadi, nao hufuata mwani wanaokula. Mwani ukipungua wanahamia ziwa jingine, hata mbali. Kwa hiyo ukikuta maji matupu usimlaumu dereva. Kutaga ni Ziwa Natron, si hapa. Ndege wahamiaji kutoka Ulaya huwapo kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na huo ndio msimu ningeuchagua, ila mvua za masika zikishika, njia zinateleza vibaya. Darubini moja ya kugombania inatosha.

Simba hakuna, lakini nyati na viboko wapo, tena nyati si wa kuchezea. Kushuka garini kiholela hairuhusiwi. Matembezi ni pamoja na askari mwenye bunduki. Mitumbwi ipo Momela Ndogo, ulizia kwanza umri wa watoto unaokubaliwa. Msituni kabla ya kufika maziwani, punguzeni mwendo muwatafute mbega juu ya miti. Wangu waliwapenda kuliko flamingo!