Ukitaka kufungua mgahawa wa mabakuli ya Kithai na Kivietnam, anza na sosi

Kuchagua chakula ukiwa umesimama mbele ya sufuria, ukahudumiwa papo hapo, si jambo geni Asia ya Kusini-Mashariki. Bangkok ina maduka ya khao kaeng, ambako kari na mboga hupangwa kwenye masinia, mteja ananyoosha kidole, wali unapakuliwa na kari inamwagwa juu. Penang, Malaysia, kuna nasi kandar, na Indonesia kuna nasi padang, wali wa kuchagulia vitoweo vivyo hivyo. Kwa hiyo kampuni ya migahawa ya Chipotle ya Marekani ilipofungua ShopHouse jijini Washington mwaka 2011, mabakuli ya wali au tambi yakijazwa mbele ya mteja kwa ladha za Thailand, Vietnam, Malaysia na Singapore, ungeweza kudhani kazi ngumu imeshafanywa na mababu. ShopHouse ilifika matawi 15, kisha yote yakafungwa mwezi Machi 2017.

Hatuna nia ya kuchambua mahesabu ya kampuni hiyo. Ila mfumo wa aina hiyo una mtego ambao kila anayetaka kuuiga anapaswa kuujua kabla hajakodi fremu. Kwenye khao kaeng, mpishi ndiye aliyekwisha kusawazisha chumvi, ukali, utamu na uchachu ndani ya kila sufuria, na mteja anachagua sufuria tu. Kwenye bakuli la kujichagulia, mteja anachukua nyama ya chungu hiki, mboga ya kile na sosi ya kingine. Ukiwa na aina tatu za wanga, nne za nyama na tofu (jibini la soya), nne za mboga na sosi tatu, tayari una vyakula 144, bado hujahesabu vya kunyunyizia juu. Vingi kati ya hivyo hakuna mtu jikoni aliyewahi kuvionja. Mteja akichanganya nyama yenye uchachu, sosi yenye uchachu na kachumbari ya papai bichi, atakula siki tupu, kisha atasema chakula chenu kibaya. Hatasema alichagua vibaya, na haki ni yake.

Dawa ni kugawa kazi za ladha mapema. Wali na tambi visitiwe chumvi kabisa. Nyama ibebe chumvi na harufu ya moto, isiwe na uchachu. Mboga zikaangwe kwa moto mkali na chumvi kidogo, basi. Uchachu utoke sehemu mbili tu: kwenye sosi moja au mbili kati ya tatu, na kwenye achari. Pilipili kali isiwe ndani ya kitu chochote cha lazima, ikae pembeni. Halafu, hata kama umeruhusu kujichagulia, andika ubaoni mabakuli matano yaliyokwisha kupangwa na uyape majina. Mgeni wa mara ya kwanza hataki uhuru, anataka kuambiwa ale nini.

Sosi

Sosi tatu zinatosha: kari ya kijani ya nazi, sosi ya ukwaju, na sosi ya karanga au ile nyepesi ya Kivietnam, nước chấm. Ya nne itakugharimu sufuria, nafasi na muda wa kueleza, na utaona mwenyewe kuwa haiagizwi.

Kari ya kijani ndiyo inayoharibiwa na wengi. Kwa lita tano unahitaji karibu nusu kilo ya kiungo kilichosagwa: pilipili ndefu za kijani gramu 150, mchaichai gramu 90 (sehemu nyeupe ya chini tu), khulinjani mbichi (mzizi wa jamii ya tangawizi) gramu 40, vitunguu vidogo vyekundu gramu 100, kitunguu saumu gramu 60, mizizi ya kotimiri gramu 30, uduvi wa kuchachushwa gramu 20, ganda la makrut (ndimu ya huko yenye ganda la makunyanzi) gramu 10, pamoja na mbegu za giligilani gramu 10, bizari nyembamba gramu 5 na pilipili manga nyeupe gramu 5, hizi tatu ukizikaanga kavu kwanza. Kwenye kinu unaanza na vigumu na chumvi: mchaichai, khulinjani, ganda, ndipo vyenye maji vifuate. Ukitumia blenda usiongeze maji hata kijiko. Ongeza mafuta mililita 60. Kiungo chenye maji hakikaangiki, kinachemka, na kari itabaki na ladha ya majani mabichi hata uipike saa nzima.

Hapa panahitaji kusahau kidogo tulichofundishwa nyumbani. Mpishi wa pwani ya Afrika Mashariki ameambiwa tangu utotoni akoroge tui lisikatike. Kwa kari ya Kithai hatua ya kwanza ni kinyume chake: unalikata kwa makusudi. Tui zito la kwanza, lita moja, unalichemsha kwenye karai pana kwa moto wa kati mpaka maji yake yaishe na mafuta yaelee, dakika 10 hadi 15. Ndani ya mafuta hayo unakaanga kile kiungo mpaka harufu ibadilike kutoka ukali wa kitunguu kibichi hadi utamu, kisha unaongeza tui jepesi lita nne, sosi ya samaki mililita 120 na sukari guru gramu 100. Tui la kopo au la boksi mara nyingi limetiwa viungo vya kulizuia lisijitenge, na hilo hutalikata hata ulichemshe mpaka jioni. Ukilazimika kulitumia, kaanga kiungo kwa mafuta ya nazi gramu 150, kisha uliongeze. Ila kwa mwenye mbuzi na kifumbu jikoni, nazi za kukuna zinashinda kopo, na hii ni faida ambayo mgahawa wa Washington au London hauna.

Tatizo la pili la kari ya kijani ni rangi. Ikikaa juu ya maji ya moto zaidi ya saa mbili inageuka kuwa ya kahawia kama maji ya matope. Usitie rangi. Pika msingi wa kutosha siku nzima, upooze, kisha pasha moto lita tano tano, na kila lita tano zikichemka saga konzi mbili za kotimiri na rehani na tui kidogo, umimine dakika ya mwisho.

Sosi ya ukwaju ni nyepesi kwa kulinganisha: ukwaju mzito uliochujwa mililita 200, sukari guru gramu 150, sosi ya samaki mililita 100, maji mililita 200, ichemke dakika tano. Usibadilishe ukwaju wa kukamua kwa ule mweusi wa chupa kwa kipimo kilekile, kwa kuwa wa chupa umekolea mara kadhaa. Nước chấm haipikwi: sosi ya samaki kipimo kimoja, sukari kimoja, maji ya ndimu kimoja, maji ya uvuguvugu vinne. Sukari iyeyuke kwenye maji kwanza, ndimu iwe ya mwisho. Ndimu iliyokamuliwa jana ina uchungu, kwa hiyo kamua kila asubuhi na usijidanganye.

Kuhusu viungo visivyopatikana. Khulinjani kavu ipo kwenye maduka ya dawa za asili na viungo ya pwani. Loweka gramu 10 kwa dakika 40 badala ya gramu 40 mbichi. Tangawizi si mbadala wake, inaivuta kari upande wa mchuzi wa nyumbani. Majani ya makrut yaliyogandishwa ni bora kuliko makavu, na yakikosekana kabisa kwaruza ganda la ndimu mwishoni. Mrehani unaookoa kari unaota hata kwenye kopo barazani. Kuhusu sosi ya samaki, soma kibandiko: samaki, chumvi, pengine sukari kidogo. Ukiona orodha ndefu, rudisha rafuni.

Wali na tambi

Kilo moja ya mchele wa jasmini, uliooshwa mara tatu na kuchujwa, inataka maji lita 1.2. Inatoa karibu kilo 2.3 za wali, yaani mabakuli 12 ya gramu 180, na kinachobaki ni kile cha kushika chini ya sufuria. Ukitarajia wateja 100 na sitini wakapenda wali, pika kilo tano, lakini si kwa mkupuo. Pika kilo mbili, mbili, kisha moja. Baada ya kuiva acha dakika kumi bila kufunua, ndipo uuchambue kwa mwiko wa mbao.

Wali ndio chakula cha hatari kuliko vyote pale kaunta, ingawa watu huogopa kuku. Una mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus ambazo haziuawi na kupika. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha tena. Kwa hiyo wali ama uko juu ya nyuzi 60 ama uko kwenye friji chini ya nyuzi 5. Wa kupooza utandaze kwenye sinia kwa kina cha sentimita tatu, ushuke chini ya nyuzi 21 ndani ya saa mbili. Uliobaki kaunta mwisho wa siku unatupwa.

Tambi bapa za mchele za milimita 3 hulowekwa kwenye maji ya kawaida dakika 30 hadi 40, huchovywa kwenye maji yanayochemka sekunde 40, huoshwa kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, kisha mafuta kijiko kimoja kwa kilo. Kosa la kawaida ni kuzipika jana. Zikilala kwenye friji wanga wake unakakamaa, asubuhi zinakatika vipande kama vijiti. Loweka mapema, chovya kidogo kidogo.

Kuku, na vitu vya kukwaruza meno

Chukua mapaja yasiyo na mfupa. Kidari kinakauka ndani ya dakika ishirini pale kwenye joto. Kwa kilo tano: mchaichai uliosagwa gramu 150, manjano vijiko viwili vya chai, kitunguu saumu gramu 60, sosi ya samaki mililita 120, sukari guru gramu 80, tui zito mililita 200. Yalale saa nne hadi kumi na mbili. Usitie ndimu humo: asidi inalainisha nyama juu mpaka inakuwa kama uji. Choma mpaka ndani ifike nyuzi 74. Nyama hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito, kwa hiyo kilo tano mbichi hutoa mabakuli 30 hivi ya gramu 110. Mhudumu mkarimu anayepakua gramu 140 amegawa nyama ya bakuli la tano bure kila anapouza manne. Weka mizani, si macho.

Tofu ibonyezwe dakika 30 chini ya kitu kizito, ikaangwe kavu pande zote, na iwe na mafuta yake peke yake.

Kisicho na cha kuvunjika mdomoni si chakula cha huko. Vitunguu vidogo vikatwe milimita 2, viwekwe kwenye mafuta baridi, ndipo uwashe moto. Vitoe vikiwa na rangi ya majani makavu, maana vinaendelea kuiva nje ya mafuta, na ukingoja viwe kahawia vimeshakuwa vichungu. Mafuta yake usimwage, ni ya kukaangia mboga. Unga wa mchele wa kukaangwa, khao khua, ni mchele mbichi wa kunata uliokaangwa kavu kwa moto mdogo dakika 15 na kusagwa ukiwa bado na chenga. Mchele wa kawaida unafaa pia. Achari ya karoti na figili nyeupe: kilo moja ya mboga, ikandwe na chumvi na sukari kijiko kimoja kimoja, ioshwe, imiminiwe siki mililita 250, maji 250 na sukari gramu 100. Baada ya saa moja inalika, kesho yake ni tamu zaidi. Figili itanuka ukifungua kopo, haijaoza. Papai bichi lisichanganywe na sosi yake mapema, linatoa maji na kulegea. Changanya mabakuli sita kwa mara moja.

Kwenye kaunta mwendo ni mmoja: wanga, nyama, mboga, sosi, achari, majani mabichi, vya kunyunyizia. Mahali panapokwama ni kwenye sosi, kwa sababu hapo ndipo mteja anauliza. Kama kituo cha polepole kinachukua sekunde 25, uwezo wako mkubwa kabisa ni mabakuli 144 kwa saa, na kwa uhalisia panga 100. Mpe mtu wa sosi jibu la sentensi moja kwa kila sosi na vijiko vidogo vya kuonjesha. Upawa wa mililita 90, si mkubwa zaidi.

Karanga zikae mwisho kabisa wa mstari, kwenye kopo lenye mfuniko na kijiko chake, na ukiwa na sosi ya karanga upawa wake usiguse sufuria nyingine. Usiuze kari ya kijani kwa asiyekula nyama kwa sababu tu umempa tofu: ina uduvi na samaki. Pika chungu kidogo kisicho na hivyo, kilichokolezwa chumvi kwa sosi ya soya, au mwambie ukweli.

Kwa oda za kubeba, sosi iende kwenye kikombe chake. Tambi hunywa sosi yote ndani ya robo saa, na majani mabichi yakifungiwa na kuku wa moto yanafika meusi. Toboa mfuniko wa bakuli tundu mbili, mvuke utoke.