Kwa nini dawa ya saratani ya ini huacha kufanya kazi

Ndugu yangu wa Kondele, pole kwa maradhi ya mjomba. Umeuliza kwa nini vidonge vya sorafenibu vilivyomsaidia kwa miezi michache sasa havifui dafu, na kama dawa inaweza kupelekwa kwenye ini peke yake.

Ini ndilo linaloondoa sumu mwilini, na seli za saratani hubaki na uwezo huo: kwenye utando wake zimo protini zinazofanya kazi kama pampu, ambazo huitema dawa nje kabla haijatenda kazi yake, na kadiri seli zinavyoendelea kukutana na dawa ile ile, ndivyo zinavyoweza kuongeza pampu hizo au kutumia njia nyingine ya kupitisha ishara za kukua badala ya ile iliyozibwa na dawa. Sorafenibu, iliyoidhinishwa Marekani kwa saratani hii mwaka 2007, nayo haijanusurika na usugu huu wa seli.

Kuhusu kulenga, hospitali kubwa hupitisha mrija mwembamba hadi kwenye ateri inayolisha uvimbe, humwaga dawa hapo, kisha huiziba ateri hiyo. Si kila mgonjwa anayefaa, hasa ini likiwa limechoka. Watafiti nao hufunga dawa ndani ya chembe ndogo mno zilizopakwa galaktosi, sukari ambayo seli za ini huinasa, lakini (na hapa matangazo ya mitandaoni hutia chumvi) seli zilizobadilika sana hupunguza vipokezi vya sukari hiyo, na chembe nyingi humezwa na seli za kinga zilizomo humo humo inini.

Vidonge asiviache kabla ya kuonana na daktari wake.