Maswali yenu: kuchora vekta kwa mkono au kuiachia kompyuta?

Nataka kuchapa picha ya marehemu bibi kwenye fulana za arobaini. Inkscape, programu ya kuchora vekta (picha ya mistari na maumbo), ina amri ya kufuatisha picha yenyewe. Kwa nini nihangaike na mkono?

Pole kwa msiba, dada. Amri ile haijui kwamba ile ni sura ya mtu. Inapima mwanga, giza na rangi basi. Kivuli cha mtandio kikigusa shavu, vyote viwili huwa doa moja, na shavu la bibi limepotea. Wewe unajua lilipoishia.

Weka picha kwenye leya (tabaka) ya chini, ifanye hafifu, ifunge isisogee, kisha chora kwenye leya ya juu kwa kalamu ya Bezier, ile ya kuchora mikunjo. Anza na macho. Ukingo wa kope ukikosewa kidogo tu, umemchora mtu mwingine, hata kama pua na mdomo viko sawasawa. Meno usiyatenganishe kwa mistari, maana humzeesha mtu. Yape umbo moja jeupe. Na kila baada ya muda zima leya ya picha utazame mchoro peke yake: je, ni yeye?

Bezier ndiye nani?

Pierre Bézier, mhandisi wa Renault huko Ufaransa, aliyetumia mikunjo hii kusanifu bodi za magari. Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa ameifikia kabla yake.

Niweke nodi ngapi, yaani vile vituo vinavyoshikilia mstari?

Chache kuliko unavyodhani. Mduara mzima unatosheka na nodi 4. Ziweke penye kona na pale mkunjo unapofika ukingoni kabisa: juu, chini, kushoto, kulia. Kompyuta inaweza kumwaga mamia kwenye nywele tu, na mashine ya kukata stika italazimika kuzifuata zote.

Kwa hiyo ufuatishaji wa kompyuta haufai?

Unafaa sana kwa saini, au mchoro wa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Potrace ya Peter Selinger, programu ya kufuatisha picha iliyomo ndani ya Inkscape, hapo naitumia bila kusita.

Mteja anasema fundi jirani yangu anaiachia kompyuta na kumaliza kwa dakika mbili. Nimjibu nini?

Usibishane naye, kaka. Chapa kazi zote mbili, uziweke ukutani, mrudishe hatua tano nyuma. Kisha mkumbushe gharama: kwenye uchapaji wa skrini kila rangi inadai fremu yake. Wewe umemchorea rangi 3. Ahesabu mwenyewe rangi za ile ya kompyuta.