Ratiba ya furaha niliyoibandika kwenye friji

Kuna wakati niliandika ratiba ya furaha ya familia nikaibandika kwenye mlango wa friji. Jumatano saa moja usiku karata, Ijumaa filamu, Jumapili baada ya chakula muziki. Niliipiga mistari kwa rula na kuipaka rangi. Ilidumu wiki mbili na nusu. Jumatano ya tatu nilikaa sebuleni na karata mkononi, naita watoto kama mtu anayeita kuku. Mkubwa yuko chumbani na simu, wa kati kakumbuka ghafla kwamba ana hesabu za shule, na mimi mwenyewe, tusidanganyane, mawazo yote yalikuwa kwenye magauni ya kitenge ya watu wa harusi yaliyokuwa hayajatiwa vifungo.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu Tabata, Dar es Salaam. Nina watoto watatu. Kosa langu, mzazi mwenzangu, nililigundua baadaye: nilikuwa nawaita kwenye starehe ambayo hata mimi sikuwa na hamu nayo. Wakati huo starehe zangu za kweli nilikuwa nazifanya peke yangu, tena kama za wizi.

Chukua muziki. Nikiwa kwenye mashine nasikiliza zilipendwa. Marehemu baba alikuwa mtu wa bendi ya Msondo, mama mtu wa mahasimu wao Sikinde, na aliyekulia Dar anajua hiyo ndoa ilikuwa na kazi. Msondo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Sikinde, yaani Mlimani Park, ikaja 1978, na wanamuziki wakawa wanahama upande huu kwenda ule kama wachezaji wa mpira. Binti yangu wa miaka kumi na tatu aliwahi kuniambia nyimbo zangu hazifiki, gita linazunguka weee ndipo mtu aanze kuimba. Zamani ningemhutubia kuhusu muziki wenye ujumbe. Siku hiyo tukaingia mkataba: wimbo wangu mmoja, wake mmoja, hakuna kuruka. Wa kwake ukawa singeli, ule muziki wa kasi wa vijana. Singeli na cherehani ya umeme havikai pamoja, mguu ulifuata ngoma nikashona pindo zima kombo. Tulicheka mpaka nikakosa nguvu ya kufumua. Mwezi haukuisha nikamsikia jikoni anaosha vyombo huku anaimba kiitikio cha wimbo uliorekodiwa mimi sijazaliwa.

Mpira ndio wenye maneno mengi. Mimi Yanga, baba watoto Simba, kitinda mimba ni wa yeyote aliyenunua chipsi. Zamani nikisikiliza mechi redioni nilikuwa nawafukuza wakacheze nje wasinipigie kelele. Niliacha kuwafukuza mwaka 2023, Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mei 28, Uwanja wa Mkapa hapa Dar, USM Alger wakatufunga 2-1. Bao letu la Mayele lilinikuta na mkasi mkononi, nikatetema nao kama alivyokuwa akishangilia yeye, watoto wote nyuma yangu. Juni 3 tukaenda Algiers tukashinda 1-0 kwa penalti ya mapema ya Djuma Shabani. Mwanangu wa kati alikuwa juu ya kochi anashangilia, mara akaona wanaobeba kombe ni wale wengine.

Jaribu kumweleza mtoto wa miaka tisa bao la ugenini usiku ule, jumla 2-2, wao wamefunga mawili kwetu, sisi moja kwao, na mkilingana kombe ni la aliyefunga mengi ugenini. Akaniuliza, "Kwa hiyo mama, tumeshinda halafu tumeshindwa?" Nikakosa jibu, machozi yakanitoka. Nilikaa pale nimbembeleze, yeye ndiye akanipigapiga mgongoni.

Ila mpira ndani ya nyumba una hatari zake. Novemba 5 mwaka huohuo tuliwafunga Simba 5-1, na huyohuyo wa kati akamwonyesha baba yake vidole vitano mezani. Baba akaacha ugali wake akaondoka. Hakuna aliyemalizia chakula vizuri, hata mimi niliyeshinda. Kesho yake tukaweka sheria ambayo nakushauri uibebe ilivyo: utani unaanza baada ya chai ya asubuhi, haumgusi aliyelia, na mtoto akimtania mzazi kwa adabu mzazi hana ruhusa ya kukumbuka ghafla ripoti yake ya shule. Baba watoto aliikubali kwa sharti naye aruhusiwe kukumbusha tano bila ambazo Simba walitufunga Mei 6, 2012. Anakumbusha. Kila wiki.

Filamu sina mengi. Tunapenda za Kihindi zilizotiwa sauti ya Kiswahili, mtafsiri akichomekea maneno yake ambayo hayamo kabisa. Wewe pika mapema, ukae mpaka mwisho. Nilikuwa mtu wa kuingia na kutoka, nusu jikoni nusu sebuleni, halafu mwishoni nauliza, "Haya, mmejifunza nini?" Walikuwa wananyamaza kama wako darasani.

Karata zilirudi zenyewe siku umeme ulipokatika, na alama tuliziandika nyuma ya ile ratiba. Lakini kilichotushika zaidi ni mdako. Nilichimba kishimo kidogo pembeni ya ngazi, nikaokota kokoto kumi na mbili, nikacheza peke yangu nikimsubiri mteja. Unarusha moja juu, kabla haijashuka unazikomba nyingine kutoka shimoni, unaidaka, unairusha tena unazirudisha zote isipokuwa moja. Kitinda mimba akasogea, akachuchumaa, akasema naye anataka.

Usimwachie mtoto ashinde. Hili tunabishana sana na dada yangu, anasema ni roho mbaya. Lakini mwanangu ana miaka saba na anajua kabisa ukimwonea huruma, ananuna kuliko akifungwa. Nilimfunga siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na mbili kokoto ilinigonga kwenye kidole cha pete ikaanguka, yeye akamaliza zote bila kukosea. Alikimbia mtaa mzima kutangaza. Aliporudi alimkuta mteja wangu, bibi mmoja mtu mzima, kafuata gauni lake ambalo, samahani, bado halikuwa na mikono.

"Shikamoo bibi! Nimemfunga mama!"

"Marahaba. Umemfunga kwa hizi?" Akaweka pochi chini, akakusanya khanga yake katikati ya magoti, akachuchumaa. "Lete hizo kokoto."